Kiti cha Kulia

Kiti kilikuwa na joto.

Ilikuwa Jumanne, katikati ya Desemba, ukungu umeishukia wilaya yetu ya Chakwal hata mnara wa msikiti hauonekani, na maji yameganda bombani. Jahandad aliingia bandani kulijulia hali jipi lake, kama alivyofanya kila asubuhi kabla hajaonja chai. Akagusa usukani, ulikuwa wa baridi ya kuchoma. Akagusa kiti cha dereva. Baridi ile ile. Akaweka kiganja juu ya kiti cha kulia, akakiondoa upesi. Kilikuwa na joto la kiti ambacho mtu amekiondokea sasa hivi.

"Paka," alijiambia kwa sauti, maana mwenye hofu hupenda kujisikia akisema. Lakini banda lilikuwa na kufuli, na turubai jipya la kiti kile lilikuwa limebonyea pawili, upana wa makalio ya mtu mzima. Paka wa Chakwal wanakula vizuri, ila si kiasi hicho.

Tumjue kwanza mwenyewe. Jahandad, mwenye cheo cha Subedar, alistaafu karakana ya jeshi baada ya miaka ishirini na minane ya kulala chini ya magari ya serikali, na alipopata uhuru wake akanunua gari la jeshi, akalala chini yake kwa hiari. Kwetu wagonjwa wa namna hii wapo. Wilaya yetu inatoa askari kama inavyotoa karanga. Wakistaafu, wengine hufuga fahali wa mashindano, na wengine hukusanya magari ya vita vya zamani, huyasugua kutu kwa mswaki, na kila Februari huyapeleka Rawalpindi kwenye maonyesho kutambiana. Huko waamuzi hujilaza chini na tochi na kioo. Skrubu moja ya mwaka usio wake, umekatwa alama. Wana neno moja wanaloliabudu, nalo ni asili. Gari liwe kama lilivyotoka kiwandani mwaka wa arobaini na tatu, au usijisumbue kuja.

Jipi la Jahandad lilikuwa na usukani kushoto, kama lilivyozaliwa, kwa hiyo abiria wake hukaa kulia. Mwenyewe alikuwa mjane. Marehemu mkewe alimwachia mtoto mmoja tu, Sidra, na huyo alikulia bandani, akijua majina ya spana kabla ya kujua majina ya shangazi zake. Alipokuwa na miaka minane baba yake alimwambia, "Siku ya harusi yako sitakukodia gari la maua. Nitakupeleka kwa mumeo mimi mwenyewe, ndani ya jipi nitakalolifufua kwa mikono yangu." Sidra hakulisahau neno hilo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa hesabu, na Ijumaa ya wiki iliyofuata angeolewa na Waqas, kijana wa Jhelum. Jipi lilikuwa tayari. Kiti cha kulia kilifungwa Jumatatu, jana yake ya ile asubuhi ya kiti chenye joto.

Na hicho kiti ndicho kisa chote.

Jahandad alilinunua jipi lile miaka mitatu nyuma kwa Lala Fateh, mzee wa kijiji kimoja kwenye njia ya Kallar Kahar. Upande wa kulia hapakuwa na kiti. Palikuwa na bamba zito la chuma, limegongomewa sakafuni kwa misumari saba ya kwato za farasi, na chini ya rangi palikuwa na maandishi ya kuchonga ambayo kutu imeshayala nusu.

"Bamba hili usiliguse," alisema Lala Fateh, ufunguo bado kaushika. "Aliliweka marehemu baba. Paka rangi, badili injini, fanya utakalo. Bamba liache."

"Sawa, Lala."

"Sema wallahi."

"Wallahi, Lala. Mimi na bamba hatuna ugomvi."

Alisema vile unavyomkubalia mzee ili akupe ufunguo. Hata hivyo kwa miaka miwili neno lake alilishika. Kisha siku moja akatembelewa na Mirza Shaukat, mshindani wake wa Rawalpindi, mwenye majipi mawili na ulimi mrefu kuliko yote mawili. Mirza alilizunguka jipi mara tatu, mikono mgongoni.

"Hongera, Subedar sahibu. Umetengeneza jipi zuri la mtu mmoja."

"Bamba ni la wenyewe. Nimeahidi."

"Na waamuzi utawaambia umeahidi? Watakukata alama mpaka ulie. Halafu binti utamkalisha wapi siku ya harusi? Juu ya boneti?"

Hilo la binti ndilo lililomchoma. Alitafuta kiti mwaka mzima, akapata fremu ya asili kwenye makapi ya chuma huko Peshawar, muhuri wake bado unasomeka. Turubai alilishona mwenyewe, akihesabu mishono kwa kufuata kitabu cha zamani cha karakana. Bamba akalikata kwa msumeno wa umeme. Misumari saba iligoma, na kila mmoja ulipong'oka ulitoa maji mekundu kidogo, naye akasema ni kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mchana ule ule, na kufikia jioni bamba lilikuwa uji ndani ya tanuru.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini Jahandad hakuishia hapo. Katika karakana za jeshi mafundi wana desturi yao: gari likipona, kabla ya safari ya kwanza, fundi hukipigia saluti kiti cha afisa kikiwa kitupu na kukikaribisha, kwa mzaha wa baraka. Basi Jumatatu ile, alipokaza nati ya mwisho, alisimama wima, akapiga kisigino, akakiambia kiti, "Haya sahibu, bismillah. Panda twende nyumbani."

Akacheka peke yake. Spring za kiti zikalia mlio mmoja mdogo, kama zinavyolia spring mpya, naye akazima taa akaenda kula.

Baada ya ule ukungu wa Jumanne, mambo yakaja moja moja. Jumatano kioo cha mbele kilikuwa na mvuke, upande wa kulia tu, na kwa ndani; alipoufuta ulirudi, ukaondoka, ukarudi, kwa mwendo wa mtu anayepumua taratibu. Alhamisi ikaja harufu. Huku kwetu ni ukavu wa mawe na vumbi, lakini banda lilinuka msitu wa mvua, majani yaliyooza na ngozi iliyolowa. Ijumaa, akiwa chini ya gari anaangalia mafuta, alisikia spring za kulia zikibonyea polepole juu ya uso wake, na fremu ikashuka kidole kimoja, naye akalala pale pale bila kupumua, akitazama turubai limevimba kwa chini, mpaka muadhini alipoita na uzito ule ukaondoka. Alitoka akitambaa. Aliswali na bisibisi mkononi, na hakujua kama ameishika.

Hakumwambia mtu. Aibu ilimzuia, na harusi ilikuwa mlangoni.

Jumapili alilazimika kulipeleka jipi mjini kutia mafuta. Akasimama kwa Gulab, muuza chai wa njia panda. Gulab alileta vikombe viwili.

"Cha pili cha nani?"

"Cha mgeni wako huyo," alisema Gulab, akiashiria jipi kwa kidevu. "Mbona hashuki? Na hilo koti lake limelowa chepechepe, atakufa na baridi hii. Mpe basi shali yako, Subedar, usiwe mchoyo."

Jahandad hakugeuka. Aliuona uso wa Gulab ukibadilika, tabasamu likimtoka kidogo kidogo, macho yakishuka kutoka juu ya kiti hadi chini kwenye kikanyagio, na Gulab akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, birika likimwagika juu ya kiatu chake mwenyewe bila kuhisi.

"Miguu yake," alinong'ona Gulab. "Subedar, vidole vyake vinatazama nyuma."

Ilibidi arudi nalo nyumbani, angeliacha wapi? Aliendesha maili nne macho mbele, akisoma Ayatul Kursiyu, akikosea, akianza upya, na kila alipokosea kitu kilicho kuliani kwake kilingoja kwa adabu hadi aanze tena. Alilifungia bandani, akatia ufunguo katika mfuko wa koti, akaapa kwamba harusi ikipita tu atamwita mganga. Siku tano, alijiambia. Jambo lililokaa kimya siku tano halishindwi kukaa tano nyingine.

Lakini nyumba ya harusi haina ufunguo. Dada yake, Kausar, alishakuja kutoka Talagang kusimamia mambo, na nyumba ilikuwa imejaa wanawake, ngoma na vitunguu. Sidra alikuwa amewekwa ndani, amevaa njano, anasingwa manjano na mafuta asubuhi na jioni kama ilivyo ada, haruhusiwi kutoka uani. Jumatatu alasiri, Jahandad akiwa kwa mpishi wa pilau, rafiki zake Sidra walitaka picha. Bibi harusi ndani ya jipi! Shangazi mtu akauchukua ufunguo kwenye koti lililotundikwa.

Jahandad aliporudi alisikia kicheko kutoka bandani, kisha akasikia kimekatika.

Aliwakuta wasichana wamesimama mlangoni wamekumbatiana. Sidra alikuwa amekaa kiti cha kulia, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Nguo yake ya njano ilikuwa imelowa mgongoni toka mabegani mpaka kiunoni, kama aliyeketi kwenye mapaja ya mtu aliyenyeshewa, na kwenye nywele zake palikuwa na jani pana, jeusi, la mti ambao Chakwal haujapata kuota.

"Sidra," aliita. "Mwanangu. Shuka."

Aligeuza shingo. Macho yalikuwa yake. Sauti ilikuwa yake.

"Tunakwenda lini nyumbani?" aliuliza.

"Hapa ndipo nyumbani, Sidra."

"Hapana," alisema, kwa upole tu. "Ijumaa, siyo? Nimesikia wanasema Ijumaa."

Walimbeba ndani. Jahandad alirudi na spana, akang'oa kile kiti nati kwa nati huku akilia, akakimwagia petroli na kukichoma uani. Turubai halikushika moto. Lilitoa moshi mweupe, likachemka maji saa nzima, na maji yalipokwisha ndipo likaungua. Alidhani amemaliza. Alipoingia chumbani alimkuta Kausar amekaa sakafuni na tasbihi, amejibana ukutani.

"Kaka, umeleta nini katika nyumba hii?" alisema kwa sauti ya chini.

Sidra alikuwa kitandani, ukingoni kabisa upande wa kulia, ameketi, macho mbele, mwili ukitikisika kidogo kidogo kama wa mtu aliye ndani ya gari kwenye barabara mbovu. Alitikisika hivyo hadi asubuhi.

Jumanne Jahandad alimwendea Lala Fateh. Alipofika alianza kueleza, na yule mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Umelitoa."

"Nimelitoa, Lala. Nilikuapia nikalitoa. Nisamehe, niambie."

Lala Fateh alimwambia, huku akimenya karanga ambazo hakuzila. Baba yake, Karam, aliendesha jipi lile lile huko Burma wakati wa vita. Jioni moja ya mvua, msituni, mtu mwenye koti alisimama katikati ya barabara, akanyoosha mkono. Karam akasimama. Mtu yule akasema, nipeleke nyumbani. Karam akaona nyayo zake kwenye matope, zinatazama kule alikotoka, na kwa hofu akajibu, panda, nitakufikisha. Alfajiri kiti kilikuwa kitupu, na kina joto. Vita vikaisha. Miaka mitatu baadaye, Karam akalikuta jipi lile kwenye mnada wa jeshi Rawalpindi. Akalijua kwa alama ya risasi kwenye boneti, akalinunua kwa furaha.

"Alidhani amelipata," alisema Lala Fateh. "Kumbe limemfuata. Mama yangu alikaa kiti kile mara moja, kwenda sokoni. Akawa anauliza tunakwenda lini nyumbani. Siku arobaini, Subedar. Siku ya arobaini akanyamaza. Faqiri mmoja, mtu wa Mungu, ndiye aliyemwagiza baba aweke bamba. Pasipo kiti hapandi, alisema. Basi hakupanda, miaka sabini."

"Bamba lingine—"

"Bamba huzuia asipande. Huyo wako ameshapanda."

Huku kwetu, mtu akipatwa na mambo haya haendi kwa waganga wenye mabango barabarani. Huenda kwa Hafidh Yamin, fundi wa rejeta, ambaye kutwa huziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa na jioni hutoa majini, na kazi zote mbili huzifanya akigomba. Alikuja Jumatano adhuhuri, mikono myeusi, mfuko wa harmali, mbegu za kufukizia majini, kwapani. Alinusa mlangoni, akakunja uso.

"Msitu," alisema. "Nani mpumbavu?"

"Mimi," alijibu Jahandad.

"Afadhali. Wengi husema jirani."

Alichoma harmali na pilipili kavu, akafunga madirisha, akasoma. Moshi ulimliza Kausar, ukamkohoza Jahandad, Sidra hakupepesa. Hafidh alisoma kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka kwenye baridi ile, akapuliza kwenye maji, akamrushia, na maji yalipomgusa yalitoweka bila kumlowesha, maana tayari alikuwa amelowa, anatiririka, kitanda kinadondosha, na chini ya kitanda majani meusi yalikuwa yanajikusanya moja moja kutoka pasipo na upepo wala mti. Ndipo Sidra akatabasamu kwa heshima, kama mgeni aliyesubiri wenyeji wamalize ugomvi wao.

"Sheikh, unajichosha," alisema, na safari hii sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, ya taratibu, yenye maji ndani. "Aya humfukuza mwizi. Mimi si mwizi. Nimeahidiwa mara mbili. Wa kwanza aliniambia atanifikisha. Huyu akanifungulia kiti, akanipigia saluti, akaniambia panda twende nyumbani."

Hafidh Yamin alimgeukia Jahandad. "Ulisema hivyo?"

"Ni mzaha wetu wa karakana," alisema Jahandad. "Hukiambia kiti. Kila fundi husema."

"Kila fundi hukiambia kiti kitupu." Akamgeukia Sidra tena. "Nyumbani kwako ni wapi? Sema, tukupeleke."

"Kwangu kulikatwa. Miti yote, mpaka mizizi, ipite barabara ya magari yenu." Mwili wa Sidra uliyumba, ukatulia. "Kwa hiyo nitakwenda kwake. Bibi harusi ana nyumba mpya inamngoja. Watamfungulia mlango, watamwagia mafuta kizingitini, watamwambia umefika. Hilo ndilo neno ninalolitaka. Tangu msitu ule hakuna aliyeniambia."

"Na yeye?" aliuliza Jahandad. "Mwanangu?"

"Ataishi siku zake arobaini. Mimi ndimi nitakayebaki."

Kausar alipiga kelele, akajiziba mdomo kwa shali. Hafidh akamvuta Jahandad ukumbini, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza hakuwa akigomba, na jambo hilo lilimtisha Jahandad kuliko moshi na majani.

"Sikiliza, Subedar. Siwezi kumtoa. Ana haki juu yako, na ahadi ni deni. Anaweza kutoka kwa kulipwa tu. Anataka mlango ufunguliwe, aambiwe amefika. Mlango wowote, na mwenye nyumba mwenyewe aseme."

Jahandad alitazama ukumbi wake: kuta alizojenga kwa pensheni, alama za penseli kwenye mwimo wa mlango alipokuwa akimpima Sidra urefu kila Idi, taulo la manjano kwenye kamba.

"Nikimpa hii?"

"Atakuwa wako mpaka ufe. Mwenyeji haondoki mgeni akiwapo, kwa hiyo hapa utalala kila siku ya maisha yako. Ukimpa sababu ya kuchoka atatafuta njia aliyoizoea. Akiita, itika. Akiuliza, jibu." Hafidh alishusha pumzi. "Na njia aliyoizoea ni huyo binti. Akitoka Ijumaa asirudi. Asikanyage kizingiti hiki, hata siku ya maziko yako. Wala usimwambie kwa nini. Akilijua atalitaja, na akilitaja atakuwa ameita."

"Yaani atajua tu kwamba baba yake amemfungia mlango."

"Atajua hivyo."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumjua mgeni wa namna hii. Jahandad hakufikiri sana. Mzazi hana mengi ya kufikiri mahali kama pale. Aliufungua mlango wa chumba wazi kabisa, akamimina mafuta ya haradali pembe mbili za kizingiti kama wanavyofanyiwa maharusi wetu, akasema kwa sauti ambayo Kausar aliisikia ikipasuka katikati:

"Umefika. Hapa ndipo nyumbani kwako."

Kisha kitanda kikashuka, kikapanda. Nyayo za maji zikatokea sakafuni, moja, nyingine, zikija mlangoni huku vidole vikitazama kitandani. Zikavuka mafuta, zikapita ubavuni mwa Jahandad na baridi ya msitu, zikazunguka ukumbi mzima bila haraka, kama mpangaji anayekagua nyumba, zikaingia chumba cha mwisho. Kilikuwa chumba cha Sidra, alicholala tangu utotoni. Mlango ukajifunga taratibu.

Sidra alipiga chafya. Akatazama nguo yake iliyolowa, akatazama watu.

"Abu? Mbona mnanitazama hivyo? Na pilipili hii ya nini, mnataka kuniua kabla ya harusi?"

Jahandad alimkumbatia, akalia kwa sauti bila haya, na yeye akadhani baba yake analilia harusi.

Ijumaa Waqas alikuja na farasi, ngoma na ndugu zake mia, na pilau ikaliwa. Sidra alipotoka chini ya Kurani iliyoinuliwa, aliona gari jeupe la kukodi lenye maua. Alitazama kule bandani.

"Abu, uliniahidi."

"Kiti kimeharibika, mwanangu."

"Ningekaa sakafuni," alisema, na machozi yake yakawa ya kweli. Jahandad alimfungia mlango wa gari. Alipogeuka, pazia la chumba cha mwisho lilikuwa limesogezwa pembeni kidogo, na kioo chake kina mvuke kwa ndani. Kausar aliondoka na wageni wa mwisho, bila kuaga ukumbi.

Sasa, desturi yetu mnaijua: siku ya tatu bibi harusi hurudi na mumewe kula kwa wazazi wake, na mzazi asiyemfungulia binti siku hiyo ni heri angemzika. Jumapili mchana gari lilisimama nje. Majirani walikuwa juu ya mapaa wakiota jua na kumenya karanga. Jahandad alikuwa ametangulia kupanga masufuria barabarani, nje ya geti, juu ya meza ya banda. Alisimama ndani, komeo limefungwa, mikono kwenye nondo.

"Tule huku nje," alisema. "Jua ni zuri."

Watu wa mapaani wakacheka, kisha wakaona hacheki, wakaacha.

"Abu, usinitanie," alisema Sidra, naye akishika nondo. Hina ilikuwa bado mbichi mikononi mwake. "Nifungulie. Nataka kuchukua vitabu vyangu chumbani."

"Nitakuletea mimi. Nitakuletea kila kitu, Jhelum. Ila humu usiingie. Si leo, si siku nyingine."

"Nimekosa nini?" Waqas alimshika bega, naye akajinasua. "Mbele ya watu wote hawa, Abu! Niambie basi nimekosa nini!"

Jahandad alifungua kinywa. Alikuwa ameshalala siku nne macho wazi akiandaa uongo wa kumwambia, na wote ulimtoka. Kabla hajasema, kutoka nyuma yake, ndani ya nyumba, kutoka chumba cha mwisho, ikaja sauti ya msichana, nyororo, yenye usingizi kidogo. Waqas aliisikia, akamtazama mkewe mdomoni, na mdomo wa mkewe ulikuwa umefumba.

"Abu," ilisema sauti ya Sidra, "nani huyo mlangoni?"

Sidra aliachia nondo. Alitazama juu ya bega la baba yake, kule kwenye dirisha lenye mvuke, kisha akamtazama baba yake usoni kwa muda mrefu, na rangi ikamtoka. Hakuuliza tena. Aliingiza vidole viwili katikati ya nondo, akagusa mkono wake, akarudi garini akitembea kinyumenyume, macho kwa baba yake.

"Abu?" iliita sauti tena. Haikuwa na haraka. Spring za kitanda zililia.

Jahandad alingoja mpaka gari lipotee njia ya Jhelum, akaligeukia dirisha.

"Hakuna mtu, mwanangu," akaitika. "Nakuja."